Sahani Ilitengwa, Wembe Ukabaki

Ndugu zangu, sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniacha hai nikasimama mbele yenu! Msitarajie uso wa sikukuu. Mimi nimeokoka, lakini Mmadi hayupo.

Miaka ile mamluki weupe walikuwa wakilinda ikulu mjini Moroni. Mimi Bakari, mtu wa Mutsamudu, kisiwa kingine, nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Badjanani, hapohapo Moroni, nikiishi nyumbani kwa mke wangu Mwanaesha, kama ilivyo desturi yetu. Kitu changu cha thamani kilikuwa wembe wa kukunja wa marehemu baba. Wenzangu wa hirimu, yaani rika moja, waliupenda mno. Kila Ijumaa tulinyoana kabla ya kwenda msikitini: wembe mmoja, vichwa sita, mzaha tele. Mmoja wao, Mmadi, alikuwa na vipele shingoni, kila mara akitoka damu, nasi tukimcheka.

Kisha macho yangu yakawa ya manjano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nguvu zikaniisha, hata mkasi ukawa mzito. Nilinyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya, nikasomewa dua, wapi! Mama mkwe akanitengea sahani. Kwa sisi tunaokula sinia moja, kutengewa sahani ni kuambiwa nenda zako. Nililia, ndugu zangu, mtu mzima mimi! Lakini oneni upofu wetu: wembe hakuna aliyeutenga. Ijumaa ileile Mmadi alinyolewa nao.

Nikarudi kwa mama yangu Mutsamudu na wembe wangu, Mwanaesha nikimwacha na mimba. Damu yangu ilichukuliwa hospitali ya Hombo, ikapelekwa nje ya visiwa. Majibu yalikawia miezi, nami nikingoja kufa. Hatimaye daktari, mzee wa Mutsamudu, akaniketisha.

“Mwanangu, una virusi vya ini. Huenda umeishi navyo tangu uchanga. Askari wa damu ya mtoto mchanga hawamjui adui huyu, humwacha akakaa. Sasa askari wako wameamka, wanaziua chembe za ini alimojificha. Manjano yako ni vita vyenyewe.”

“Askari?” Niliwafikiria wale wa Moroni, waliosema wanatulinda na sisi tukaogopa kupita mbele yao.

“Hawa ni wako. Ila vita virefu huwachosha, na wakipigana huliumiza ini. Dawa ya kuvimaliza virusi sina. Vinapita kwenye damu, si kwenye sahani. Nani ananyoa kwa wembe wako?”

Nikawataja wenzangu mmoja mmoja, hadi Mmadi. Mfukoni nilikuwa na barua kutoka Moroni: Mmadi aliingiwa na manjano, akazikwa kabla ya wiki mbili kwisha. Nilipomsimulia, daktari alisema huenda askari wa Mmadi walipigana kwa ukali hata ini lote likaisha. Hakuweza kuapa kwamba ni wembe wangu. Moyo wangu uliapa.

Nikautupa wembe baharini. Punde ikaja telegramu: Mwanaesha amejifungua binti, njoo na wembe wa baba, siku ya saba tumnyoe.

Nilifika Moroni, nyumba imejaa watu. Mama mkwe akanyoosha mkono. “Bakari, lete wembe.”

“Sina, mama. Nimeutupa. Ndio uliomuua Mmadi.”

Mama yake Mmadi alikuwa amekaa pale, amempakata binti yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Alinitazama, machozi yakimtoka. Kisha akafungua ncha ya leso yake, akatoa sarafu, akamtuma jirani dukani. Wembe mpya ukaja katika karatasi yake. Akasema tu, “Bismillahi,” akamnyoa mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Damu za mke na mtoto zilipimwa baadaye. Mwanaesha mwili wake ulikuwa umeshavishinda virusi bila yeye kujua. Binti ni salama, alhamdulillahi! Mimi vimo bado, askari wangu wamevibana tu, na kila asubuhi hutazama macho yangu kiooni.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu aliyeweka walinzi ndani ya damu zetu, wanaokesha tusipojua. Mgonjwa msimtengee sahani, mpeni nafasi kwenye sinia. Na Ijumaa hii, kabla hamjanyoana, mkumbukeni Mmadi.