Nani wa Mwisho? Kumuaga Bi Bogumiła Rzepecka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kipolandi wageni wa kila namna, Bi Bogumiła Rzepecka anastaafu katika shule yetu ya Mtaa wa Wafumaji, hapa Łódź. Ninaandika kwa niaba ya walimu wenzake, ingawa nikisema kweli nilikuwa nikiomba aahirishe.

Alipokuja alikuta majedwali ya sarufi yamejaa ukutani. Wiki ya pili aliyabandua. Alisema lugha haiingii kwa kukariri mikia ya maneno, huingia kwa njaa, akawapeleka wanafunzi duka la mikate. Mkate upo: chleb. Mkate umekwisha, neno likageuka: chleba. "Mnaona," aliwaambia, "kwetu kitu kikikosekana, hata jina lake halibaki lilivyokuwa." Muuzaji alichoshwa naye, kisha akamzoea, mwishowe akawa anawasahihisha wanafunzi yeye mwenyewe.

Lakini sentensi aliyoipenda kuliko zote ni ya kliniki. Pale hakuna asimamaye mstarini. Kila mtu huketi apendapo, anayeingia huuliza, "Nani wa mwisho?", na atakayejibu ndiye utakayemfuata. Ukitaka kutoka kidogo, unamwambia jirani akushikie nafasi, naye ataitetea kama shamba la babu yake. Kwa Bi Bogumiła, mgeni aliyeweza kuuliza hivyo bila kutetemeka alikuwa ameshafika Poland. Viza ilikuwa karatasi tu.

Mwanafunzi wake Zurab, mwokaji mikate kutoka Georgia, alikwenda huko na jino bovu. Aliuliza vizuri, akaketi. Tatizo ni kwamba kila aliyeingia baada yake na kuuliza, Zurab alidakia "mimi", kwa furaha ya kuwa na jibu. Kufika saa sita foleni ilikuwa imeota matawi, mabibi kadhaa wote wakidai kumfuata yeye. "Kijana, huo mkia wako utaukanyaga," mmoja alimwambia. Ikabidi Bi Bogumiła aitwe kuamua kesi.

Pamoja na vicheko hivyo, sisi wa chumba cha walimu tulijua kinachomuuma. Mwanawe, Ziemowit, alihamia Bergen, Norwei, akaoa huko, na binti yake Tuva hakujua neno la Kipolandi. Kila Jumapili bibi na mjukuu walitazamana kwenye simu, baba akitafsiri katikati, tena kwa mkato. "Nimefundisha nusu ya dunia," Bi Bogumiła alituambia siku moja akimenya yai, "na damu yangu mwenyewe inanipungia mkono tu."

Basi akaanzisha mchezo kwa simu. Tuva anapanga midoli kwenye kochi, bibi anauliza nani wa mwisho, mtoto anaonyesha. Kisha wanabadilishana. Ziemowit alimwambia, "Mama, unapoteza muda, atasahau." Bi Bogumiła hakuacha.

Februari walikuja kumtembelea, sikio likamuuma mtoto, wakaenda kliniki. Tuva alitangulia kuingia, akasimama katikati ya ukumbi uliojaa watu, akauliza kwa sauti, kwa Kipolandi. Watu waliacha kukohoa. Mzee mmoja mwenye mkongojo akamjibu, "Mimi, bibie. Wewe unanifuata." Tuva akaenda kuketi kando yake kama mtu aliyezaliwa mtaa huo. Bi Bogumiła anasema alikwenda dirishani kutazama theluji. Siku ile theluji haikuanguka.

Ndiyo maana hakuahirisha. Anahamia Bergen, kabla sentensi ile moja haijakauka mdomoni mwa mtoto, akaongeze ya pili. Tunamwelewa, na inatuuma. Nimeanza kumkumbuka naye bado yumo humu, anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Asante kwa yote, Bi Bogumiła. Siku zako ziwe njema, na Jumapili zako ziwe na makelele. Na mgeni akiingia chumba cha walimu, akiuliza kama kile kiti cha karibu na dirisha kina mtu, tutamjibu kama watu wa kliniki: kina mwenyewe, ametoka kidogo, tunamshikia nafasi.