Ukuta wa Mbele wa Bwana Yapp

Bwana Clement Yapp anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na minane ya kuitunza baa yetu ya Mbweha Mweupe, hapa Aldersley. Amechoka. Ameomba iandikwe hivyo hivyo, bila kupambwa.

Alianza kwa kubeba mapipa. Nyumba yenyewe ni ya mwaloni: nguzo na boriti zilizoshikana kwa vigingi vya mti, na katikati yake fito zilizokandikwa udongo. Mwenye baa wa zamani aliuonea aibu udongo, akazifunika kuta kwa saruji. Maji yakawa yanaingia na hayatoki, na mbao zikaanza kuoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo kila kiangazi Bwana Yapp alibandua saruji kipande kwa kipande, akakandika upya kwa udongo, majani makavu na samadi ya ng'ombe. Desmond Gittins, mteja wetu wa kila siku, hakukosa kumwuliza kama leo samadi inauzwa kwa pinta nzima, kama bia, au kwa nusu.

Ghorofani, ambako sakafu imeinama, aliikata miguu ya meza isilingane ili bia isimwagike. Kanisa lilipoazima meza moja kwa ajili ya harusi, keki iliteleza hadi mapajani mwa bwana harusi.

Ulibaki na saruji ukuta wa mbele tu, chini ya ghorofa lililochomoza barabarani. Mwaka huu magoti yalikataa. Bi. Maureen Prosser, mwenye baa wa sasa, alimwomba abaki kiangazi kimoja tu, kama alivyomwomba mwaka jana na mwaka juzi. Bwana Yapp alivua aproni yake taratibu.

"Maureen mwanangu, ukuta huu ukinisubiri mimi, tutaanguka pamoja."

Bi. Maureen hakumwomba tena. Jumapili iliyofuata tulibandua kipande cha saruji na kuanza kukandika sisi wenyewe, wafanyakazi na wateja. Desmond ndiye aliyetangulia kuvua viatu na kuikanyaga samadi. Bwana Yapp alikuwa amewekewa kiti na pinta yake. Alipoona tunavyokandika vibaya, alishika mikono ya kiti ainuke.

"Kaa chini, mzee," Desmond akamwambia. "Wewe ni mteja sasa. Kazi yako ni kulalamika."

Akakaa. Kipande chetu kimekauka kwa nyufa, na ukuta uliobaki ni mrefu. Tutakirudia, kisha tutaendelea.

Asante, Bwana Yapp. Tunakutakia asubuhi nyingi ndefu za kulala bila kuamshwa na mtu.