Sabuni ya Emiliana na Maduka ya Ruzuku

Pale Bellevue, Johannesburg, barabara inapopinda kuelekea Yeoville, kuna benchi refu nje ya saluni, na hakuna anayejua nani alilileta. Jumamosi asubuhi Denise, mama wa Bukavu, hushusha hapo chupa zake za kahawa, na wateja wake hujikusanya. Yupo Vuai wa Unguja, mtengeneza mishumaa, anayeitwa Giza kwa sababu ndiye pekee mtaani anayetabasamu umeme ukikatika. Yupo Festus, Mkenya wa benki kule Randburg, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kutaja asilimia, basi ndiyo wakambatiza Asilimia. Na yupo Emiliana, Mama Povu, Mtanzania aliyeolewa na mpigania uhuru aliyekuwa ukimbizini Morogoro, akarudi naye huku nchi ilipofunguka. Mume ametangulia mbele ya haki. Yeye amebaki na nyumba, Kizulu kilichokaa vizuri mdomoni, na gereji anamopikia sabuni ya miche.

Jumamosi hiyo Emiliana alifika kifua mbele. Jumatatu wenye viwanda vidogo walikuwa wanaonana na wakubwa wa mpango wa maduka ya ruzuku, na wenzake walikuwa wamemchagua yeye awe msemaji. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri tu kwa kuutazama. Serikali ilichagua spaza kadhaa, vile viduka vya mitaani, ikawa inalipia sehemu ya bei ya unga, mafuta, sabuni na mishumaa, ili wazee na wanaoishi kwa posho wanunue kwa nafuu. Tatizo, bidhaa zote zilishuka kutoka kwenye malori ya viwanda vikubwa. Sabuni ya kiwandani ikawa rahisi kuliko ya Emiliana, na akina mama waliokuwa wakigonga geti la gereji yake wakaacha kugonga. Emiliana alikuwa ameshamwambia mwenzake wa kukata miche apumzike kwanza, kazi ikirudi atamwita.

— Jumatatu sitaomba, alisema akipokea kahawa. Nitadai.

— Unadai nini hasa, mama? Festus aliuliza. Ukienda bila namba watakuchezea. Sema hivi: asilimia thelathini ya kila shelfu iwe ya watengenezaji wadogo. Duka likikataa, linanyimwa ruzuku. Hiyo maneno imeisha.

— Thelathini? Vuai aliweka kikombe chini. Yakhe, wewe benki imekuharibu. Wao wana supamaketi zote, kisha waje wagawane na sisi vispaza hivi? Mimi nasema duka zima liwe letu. Lori la kiwanda lisivuke ile robot pale, kwenye taa za barabarani.

— Na nani atalizuia? Festus aliuliza.

— Polisi. Si wapo? Wanasimamisha gari, wanafungua nyuma, wanakuta sabuni, wanaligeuza.

— Kwa hiyo tutakuwa na kizuizi cha sabuni barabarani.

— Cha sabuni na mishumaa. Usinisahau miye.

Denise alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani.

— Na kahawa je? Kule maofisi banakunywa kahawa ya mashini, haina hata harufu. Muandike sheria, kila ofisi ya serikali inywe kahawa ya mama mwenye termos. Pale nitakuwa mtu.

— Hilo lina mantiki, Festus alisema kwa uso wa mkutano. Asilimia mia moja ya kahawa.

— Kama ni sheria, basi na mimi nina yangu, Vuai alisema. Kila Jumatano jioni wazime umeme nchi nzima. Si kwa ubaya. Watu wazoee tu kununua mshumaa, wasingoje kushtukizwa.

Emiliana aliwaacha wapandishe madai wanavyotaka. Alikuwa anacheka, lakini ndani maneno yalikuwa yanajipanga. Alijiona amesimama mbele ya wale wakubwa, mkono mmoja mezani, akisema, tunataka shelfu ya kwanza, ile ya usawa wa macho, na duka lisilotaka lifutwe. Kadiri wenzake walivyozidi kuropoka, ndivyo dai lake lilivyozidi kumwonekea dogo na la haki.

Ndipo bakkie nyeupe, pikapu ya mizigo, ikapaki mbele ya saluni, nyuma imejaa magunia ya unga. Akashuka mwanamke wa makamo, kofia ya sufu kichwani.

— Shikamoo mama, alimwambia Emiliana moja kwa moja. Samahani, Kiswahili changu kina kutu. Naitwa Violeth. Mama yangu alinizaa Morogoro, ukimbizini, tukarudi nikiwa darasa la tano.

— Marahaba, mwanangu. Kutu haionekani. Umetokea wapi?

— La Rochelle, kusini ya mji. Nina duka, moja ya haya ya ruzuku. Nimesikia Jumatatu mnaenda kusema tulazimishwe kununua kwenu, nikasema eish, ngoja nikawaone hao watu.

Festus aliivuta tai yake, ingawa hakuwa amevaa tai.

— Si kulazimishwa, dada. Ni upendeleo maalumu kwa mzalishaji mdogo.

— Sawa. Hilo shati lako ni safi sana, bhuti. Umefulia sabuni gani?

Festus aliangalia mkono wa shati kana kwamba jibu limeshonwa hapo. Violeth akamgeukia Vuai.

— Na wewe mzee, kikombe cha nyumbani unaoshea nini?

— Ile ya maji, ya kijani, Vuai alisema taratibu. Ipo supamaketi.

— Na wewe mama?

Emiliana alihisi masikio yamepata moto. Mwanawe alikuwa amemnunulia mashine ya kufulia, na mashine haili mche. Kitenge alichokaa nacho pale kilinukia sabuni ya unga ya kiwandani, tena kwa mbali mtu angeisikia. Angeweza kudanganya. Alimtazama yule mwanamke aliyevuka mji mzima na unga wa watu kwenye gari, akaona aibu ya kudanganya ingekuwa kubwa zaidi.

— Ya unga, alisema. Ya kiwandani. Na hawa marafiki zangu wote, sijawahi kumuuzia hata mmoja.

Vuai aliinamia kikombe chake. Violeth hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kreti la Denise.

— Mama, bibi zangu wa dukani wanafulia kwenye beseni. Mche wako wanaujua, wananiulizia. Wanasema hauchubui mikono. Lakini wakifika kaunta, wa kiwandani umepunguzwa bei na serikali, wako haujapunguzwa. Nikilazimishwa kujaza shelfu na kitu ghali, kitaniozea pale, na mimi nitakuchukia.

Ile hotuba aliyokuwa ameipanga tangu asubuhi ilimporomoka, na ajabu ni kwamba hakuisikitikia. Chini yake aliona kitu kigumu zaidi cha kusimamia.

— Basi nimekosea pa kugonga, alisema. Nilikuwa nakugombeza wewe, na wewe huna kosa. Jumatatu sitadai shelfu. Nitadai ruzuku ile ile iliyo kwenye mche wa kiwanda iwekwe kwenye wangu. Tukae pamoja kwa bei sawa. Bibi achague kwa mkono wake.

— Na akichagua ya kiwanda? Festus aliuliza.

— Nitajua sabuni yangu mbaya, nitapika nyingine. Lakini hatachagua ya kiwanda. Mikono yake anaijua.

— Hiyo ni sharp, Violeth alisema. Hiyo hata mimi nitakuja kuisema. Wenye maduka tuko wengi, wakitusikia sisi na ninyi mdomo mmoja, watakosa pa kutokea.

— Unaona? Vuai aliwaambia wote. Na mishumaa vilevile.

— Na mishumaa, Emiliana alikubali.

Denise alimpa Violeth kahawa bila kumdai. Emiliana akaanza kuona gereji yake ina moto tena, mwenzake amerudi kwenye meza ya kukatia, na geti linagongwa. Violeth alitoa kalamu kwenye kofia, akajiandaa kuandika kiganjani.

— Nitawaambia wenzangu leo leo. Inaitwaje?

— Nini?

— Sabuni. Jina lake.

Emiliana hakuwahi kuipa jina. Alikuwa ameipika kwa miaka, akaikata, akaifunga kwenye magazeti, na walioitaka walikuwa wakigonga geti na kusema nipe ile. Alimtazama Festus. Festus alimtazama Vuai. Vuai alitazama robot, ambayo ilikuwa nyekundu, kisha ikawa ya kijani.

— Sogea, Giza, Emiliana alisema mwishowe, akijibana upande wa ukuta. Njoo ukae hapa, Violeth. Hii si ya kujibu umesimama.