Vakansi za Mwalimu Liévin Chola

Padri wetu, walimu, majirani wa Katuba, na ninyi wazazi mliomkabidhi watoto wenu, familia imenituma mimi Rigobert, mdogo wake wa tumbo moja, nisome maisha ya kaka yetu, na imeniagiza nisome yote, hata yale ambayo kwenye msiba hufunikwa, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka.

Marehemu Liévin Chola alizaliwa Kasenga tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa pili kati ya sita, akaanza shule hapo hapo kwa mapadri, akamaliza primeri Lukafu kwa mjomba wetu mwaka 1935, kisha akaingia shule ya walimu, akatoka na diploma tarehe 27 Juni 1940, akiwa na suruali moja na mwandiko ambao hata Wazungu walisimama kuutazama. Alifundisha Lukafu miaka kumi na mmoja, na tarehe 3 Septemba 1951 akahamia hapa Lubumbashi, akapewa darasa la tatu katika shule moja ya Katuba, darasa ambalo hakuliacha tena.

Tarehe 19 Aprili 1947 alifunga ndoa na Mama Germaine, ambaye mnamwona hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, mkubwa wao Claudine, na Mungu amewaachia watatu.

Walimu wenzake wanazijua sheria zake za vakansi, shule inapofungwa, na tulimcheka sana kwa ajili ya sheria hizo: Julai nzima hakugusa chaki, alikwenda Kasenga kwa mama, akalala mpaka jua limwamshe, akala samaki, na aliyemwuliza habari za shule alijibiwa kwamba mwalimu hayupo, maana, alisema, mwalimu asiyepumzika huwafundisha watoto uchovu wake. Agosti ilipoingia alirudi, akapaka ubao rangi nyeusi, akatayarisha masomo ya miezi mitatu, kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa kila mtoto atakayempokea, akanywa maji kwa kila mzazi, na kuandika kwenye rejista, kwa wino, jina la mtoto, jina la baba, avenue, numero ya nyumba, na kijiji baba alikotoka. Wenzake waliandika siku ya kufungua shule, kwa kalamu ya risasi, naye akawatania kwamba wanasonga bukari wageni wamekwisha kunawa.

Mwaka 1961 njia ya Kasenga ilitisha kwa fujo za siku hizo, hakwenda kupumzika, akafanya matayarisho mapema, na katikati ya Agosti rejista ilikuwa tayari, watoto arobaini na wawili. Ijumaa tarehe 18 vijana watatu waliovaa vizuri walifika nyumbani kwake, wakaketi, wakausifu mwandiko, wakasema wanahesabu watoto wa mtaa, wakaiomba ile rejista kwa siku mbili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kaka yetu akawapa, tena akaifunga katika gazeti isichafuke. Waliirudisha Jumatatu ikiwa safi, bila ukurasa kukunjwa, ila mbele ya majina kumi na tisa palikuwa na nukta ndogo ya kalamu ya risasi, na wote kumi na tisa walikuwa watoto ambao baba zao walitoka Kasai, watu waliokuwa wakiwindwa mjini siku hizo. Hili ndilo alilotaka lisomwe: kwamba aliziona zile nukta, akazielewa, akazifuta kwa raba, asimwambie mtu, akaenda kulala, na zilikuwa zimebaki siku nne.

Ijumaa tarehe 25 nyumba za watoto hao kumi na tisa zilianza kuvunjwa, moja baada ya nyingine, na zilizokuwa katikati yake hazikuguswa, na waliovunjiwa wakakimbilia kambi ya wakimbizi na walichoweza kubeba kichwani. Shule ilipofunguliwa tarehe 4 Septemba waliketi watoto ishirini na watatu, naye akaita majina yote arobaini na mawili, akingoja baada ya kila jina, siku ya kwanza watoto wakacheka, siku ya pili hakuna aliyecheka. Direkta alimwamuru ayakate majina ya wasiokuwepo, akakataa, akazidi kuyaita kila asubuhi, na kila Jumamosi alikwenda kambini na rejista kwapani, akiuliza hema kwa hema. Émile, fundi cherehani, baba wa mmoja wao, alimkaribisha vizuri, akamwambia, "Mwalimu, ulituandika muzuri, hata numero ya nyumba haukukosea," na maneno hayo Mama Germaine aliyasikia usingizini mwa mumewe mwaka mzima.

Kufikia Noeli aliwapata kumi na wanane, akabaki mmoja, Kapinga, binti wa Mama Marceline, mwenye miaka tisa, na kila alipomwuliza mama yake alijibiwa kwamba walipotezana njiani, "tafuta tu, Mwalimu, iko fasi fulani."

Julai mwaka huu mke wake alimpeleka Kasenga apumzike kama zamani, lakini alikaa ukingoni mwa mto Luapula akimwuliza kila anayeshuka mtumbwini habari za msichana mwenye kovu juu ya jicho. Miguu ikavimba, moyo ukachoka, akaingizwa hospitali tarehe 9 Agosti, akafariki juzi Jumatatu, tarehe 27 Agosti 1962, saa kumi na moja alfajiri, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, akiwa amekwisha kumwapisha mke wake kwamba mtu yeyote asimwambie apumzike, hata kaburini, mpaka Kapinga ajulikane alipo.

Familia inawashukuru waganga na masista wa hospitali kwa siku kumi na nane za uvumilivu, majirani kwa maji, kuni na machozi, na walimu wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao.

Jana, kwenye matanga, aliingia Mama Marceline, na amenikubalia niyasome haya. Kapinga alikufa kambini kwa surua, tarehe 11 Novemba 1961, akazikwa huko, ndiyo sababu mama yake alikataa safari ya kurudi Kasai wenzake wa kambini waliporudishwa. Alijua siku zote, akamficha Mwalimu kusudi, kwanza kwa hasira, ili ateseke, na baadaye kwa sababu katika mji huu mzima hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwita mtoto wake kila asubuhi kama aliye hai. Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukumwuliza.

Basi, kaka, amejulikana alipo. Pumzika.