Kocha Asiyekuwa na Timu

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu mama yetu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Kocha ingawa hakuwahi kupiga mpira hata wa makaratasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, wa pili kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi hadi 1972 na sekondari hadi 1976, na tarehe 8 Januari 1979 akaajiriwa kushona kola katika kiwanda cha mashati, ambako siku ya kwanza alionyeshwa cherehani, akaambiwa "utazoea", akalia chooni hadi kengele ya chakula.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme wa hapo hapo, wakajaliwa watoto watatu, ambao, tusidanganyane, alitulea kwa maswali zaidi kuliko majibu, na tulichoka.

Alipofanywa msimamizi mwaka 1994, alianza kuketi na kila mshonaji mpya nusu saa kwa wiki, akimuuliza kinachomkwamisha na kumwacha atafute njia mwenyewe, na wageni wakaacha kuikimbia kazi, lakini uongozi uliona ni porojo tu, na mwaka 2003 akawapelekea ripoti ya kurasa sitini kuomba nusu saa hiyo iwe rasmi, yenye maneno ya semina ambayo hata yeye hakuyaelewa, mkurugenzi akamuuliza, "Kocha, timu yako inacheza lini?", wakacheka, wakaenda kunywa chai.

Kosa hilo hakulirudia. Tarehe 11 Mei 2004 alimwomba mkurugenzi ashone kola moja tu, naye, mjuzi wa yote, akaharibu tisa, ndipo Kocha akavuta kigoda chake, akaketi, akauliza, "Bosi, mkono wako wa kushoto unafanya nini?", na kola ya kumi ikakaa sawa, bosi akaitembeza ofisi nzima kama mtoto mchanga, mwezi uliofuata ukocha, yaani ile nusu saa ya maswali, uliingia kwenye bajeti, na hadi anastaafu mwaka 2018 viwanda vinne vilikuwa vimemwalika, akienda na kigoda, bila karatasi.

Aligundulika kuwa na maradhi ya moyo Novemba 2023, akalazwa tarehe 2 Mei 2024, na muuguzi mgeni kazini alipoukosa mshipa wake mara tatu, Mama alimuuliza, "Mjukuu wangu, kidole chako kinahisi nini?", na mara ya nne sindano ikaingia. Aliaga dunia tarehe 19 Mei, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, washonaji wote, na muuguzi mkuu, ambaye alisimuliwa kisa cha sindano na juzi alituomba kile kigoda, kwa kuwa wodi yake imetenga nusu saa kila wiki ya kuketi na wauguzi wageni kama Kocha.

Mama, timu iko uwanjani. Pumzika kwa amani.