Sentensi Iliyokatwa ya Kanoni Nhamburo

Waombolezaji wenzangu, Mheshimiwa Waziri na msafara wako, familia imenipa mimi, Onias Gwatidzo, kazi ya kusoma maisha ya marehemu, na kwa kuwa mimi ni mtani wake wa kurithi, sahwira, mnajua msibani mtu kama mimi hanuniwi, kwa hiyo atakayekasirika akanunie kwake.

Kanoni Elijah Tapfuma Nhamburo alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Makoni, akaanza shule ya misheni mwaka 1949, akachapwa sana kwa kubishana na katekista, akapewa upadri wa Kianglikana tarehe 4 Desemba 1966, na tarehe 10 Agosti 1968 akamwoa Mai Shorai, yaani Mama Shorai, huyu hapa, wakajaliwa watoto watatu, Shorai, Munetsi na Ratidzo.

Mwaka 1983 aliandika kitabu kuhusu Kanisa na dola, na humo mlikuwa na sentensi moja ambayo wakubwa waliipenda nusu tu, ile isemayo "Kanisa likae karibu na Serikali," wakaikata hapo kwenye mkato kama mtu anavyochinja kuku, wakaisoma redioni na kwenye mikutano ya chama, naye akawa ananiambia, "Sahwira, wamenikata kichwa, wamekwenda kukitundika ukumbini kwao."

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2008, askofu waliyemtaka wao alipokabidhiwa funguo za kanisa letu, polisi walitundika nusu hiyo langoni kwa kitambaa kirefu, na chini yake wakawapiga kwa virungu akina mama wa Umoja wa kanisa waliomkataa, damu ikaruka hadi kwenye vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, ndipo marehemu akaja na kanzu yake ya ibada, akasimama mbele ya lango, akaanza kuisoma sentensi nzima, akafika kwenye mkato, rungu likamwingia mdomoni, taya likavunjika, wakamkanyaga akiwa chini, na Mai Shorai alipomlalia wamwache, wakamvunja mkono.

Tangu hapo hakuhubiri tena, taya lilikaa upande, maumivu ya kichwa yakafuata, kisha kiharusi, akafariki tarehe 3 Agosti 2014 hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya ule mkono uliovunjika.

Sasa Mheshimiwa, jiwe la kaburi ulilolileta kwa lori ni zuri, lakini nimelisoma, loo, limeishia pale pale kwenye mkato, na Mai Shorai ameniambia asubuhi hii, "Sahwira, wakiliweka hilo, nifukieni na mimi humo humo." Kwetu kaburi hufungwa kwa neno la sahwira, si la Serikali, na mimi nasema jiwe hilo lirudi lorini, na nyie vijana wenye virungu pale langoni, nimebakiwa na meno sita tu, hamtachoka.

Tunawashukuru madaktari waliolifunga taya lile bila kuogopa, majirani waliowaficha watoto wetu, na mapadri waliotuongozea ibada uwanjani tulipofungiwa milango.

Simameni wote, mnaoweza na mnaoogopa, mumsikie mwenyewe: "Kanisa likae karibu na Serikali, kama muuguzi anavyokaa karibu na mgonjwa wa kichaa, akimpenda, na akimficha visu."

Haya, Tapfuma, nimekumalizia, pumzika sasa.