Aliyekufa Mezani

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kinyozi, na kinyozi ndiye mimi. Asubuhi nikiwa sina kichwa cha kunyoa, natoka nje kukaa na wenzangu. Karani, mzee mstaafu wa mahakama, huja na gazeti la juzi. Debe, fundi simu, tumempa jina hilo kwa sababu haachi kuvuma. Babu Birika anatumiminia kahawa. Na Cheche, mchomelea mageti wa hapo ng'ambo, huja saa nne akiwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo alikuja saa mbili, msafi, macho mekundu. Karakana yake ilikuwa na kufuli siku ya tatu.

— Macho hayo ni ya moto au ya chupa? Debe akamuuliza.

— Sikitu amekufa, Cheche akasema.

Karani akavua kofia.

— Pole sana, mwanangu. Sikitu ndiye yupi? Wa upande wa mkeo?

— Wa mezani. Wa mchezo.

Karani akairudisha kofia kichwani.

Wote tulikuwa tunaujua huo mchezo, maana Cheche alituchosha nao. Kila Jumamosi, miaka mitano, watu watano wanakutana chumba cha nyuma cha stesheneri. Mmoja ni msimamizi, anasimulia: mko msituni, mbele kuna zimwi. Wengine kila mtu ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, na yeye ndiye humsemea na kumwamulia. Likija la hatari, unarusha dadu. Mtu wa Cheche alikuwa Sikitu, mwanamke mpiga mishale. Sikio moja majambazi walilikata. Anaogopa maji ya kina. Hali kabla wenzake hawajashiba.

— Zimwi lilitufukuza mpaka darajani, Cheche akasema. Mmoja abaki alizuie, wengine wavuke. Msimamizi akaniuliza, Sikitu anakimbia au anabaki? Nikasema anabaki. Nikarusha dadu. Ikaja moja.

— Moja ni mbaya?

— Chini yake hakuna kitu, Debe.

— Basi wamekuchezea! Debe akaruka. Dadu ile imetiwa risasi ndani, iangukie moja tu. Huyo msimamizi alikuwa anamtaka Sikitu, akakataliwa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe miaka mitano ulimpa upinde!

— Methali hiyo haihusiani, Karani akasema. Na kisheria mambo ni mepesi. Asiyezaliwa hafi. Hana cheti cha kuzaliwa, atapataje cha kifo?

— Mzee, huyu bwana alikuwa na mke wa pili! Debe akadakia. Mke wa karatasi. Hali chakula, haumwi, hadai nguo ya sikukuu. Mimi nasema kuna watu wakubwa huko wanaotengeneza hizi karatasi makusudi, ili mafundi wote wapende visivyokuwepo. Halafu wanaviua siku moja. Kesho hakuna geti litakalochomelewa nchi nzima, na wezi wanapita tu!

Tulicheka. Hata Babu Birika alicheka, na yeye hucheka kwa mwaka mara moja. Cheche hakucheka.

— Mnajua aliniambia nini yule msimamizi? Alisema, tengeneza mwingine, karatasi zipo. Wenzangu wakaanza kuuliza nani abebe mishale yake.

Hapo nilitamani tuyaache. Lakini Karani alikuwa amekunja gazeti, na akikunja gazeti ujue anahukumu.

— Mwaka jana tulimzika kaka yako, akasema. Nilisimama karibu yako. Ulishika koleo, ukajaza udongo, ukapangusa mikono. Sikuona chozi. Ilikuwa Jumamosi, na jioni ileile ulikuwa stesheneri.

— Mzee Karani... Cheche akaanza.

— Damu ni nzito kuliko maji. Kuliko karatasi je?

Cheche aliweka kikombe chini. Nilidhani atainuka aondoke. Akazungumza, tena polepole.

— Kaka alilala hospitali wiki sita. Kila nikienda, naambiwa kaa nje, daktari anapita. Siku ile nimefika, kitanda kimeshatandikwa shuka nyingine. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyesema, huyu anabaki au anakwenda, wewe unaonaje? Nikapewa mfuko wa nguo zake. Sasa nilie nini? Mfuko? Sikitu nilimuua mimi. Nilimweka pale darajani kwa mdomo wangu. Alikufa mbele yangu, na nilikuwepo.

Debe alimimina nusu ya kahawa yake kwenye kikombe cha Cheche. Sijawahi kuona hivyo.

— Na mjane wa kaka yako? Karani akauliza, sasa kwa upole. Watoto je? Tangu mazishi umefika kwake?

— Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika, mzee.

Akakiinua tena kikombe chake.

Mara akatokea mwanamke anavuka barabara mbiombio, khanga begani, viatu vimejaa vumbi. Tulimjua alipokaribia. Ndiye yeye, mjane wa kaka yake.

— Shikamoo, baba, akamwambia Karani. Kisha akamgeukia Cheche, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Shemeji, pole. Mteja wako kaniambia umefunga karakana, umefiwa, hulali wala huli. Nimepanda magari mawili. Ni nani? Si mama?

— Mama mzima, Cheche akasema.

— Alhamdulillahi. Nani basi?

Alitutazama mmoja mmoja. Karani akachunguza viatu vyake mwenyewe. Mimi nikaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Cheche akatoa karatasi mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo, akampa. Shemeji aliisoma taratibu, kidole juu ya mstari, kama mtu aliyezoea kusoma fomu za wodini.

— Sikitu. Miaka thelathini na minne. Nguvu kumi na mbili. Uhai, sifuri. Masikini wa Mungu! Aliumwa muda mrefu?

— Hapana. Ghafla.

— Kaacha watoto?

— Hakuwa nao.

— Afadhali, shemeji akasema. Afadhali hakuacha watoto.

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia. Babu Birika akamsogezea kikombe. Akanywa funda moja, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

— Wanangu wamenituma, akasema. Wameniambia, mama ukimkuta muulize: baba mdogo anakuja lini?

Cheche alikuwa ameishika ile karatasi mkononi. Shemeji alisubiri. Sote tulisubiri, mpaka kahawa ya shemeji ikapoa.